Hita ya Bibi Toku

Siku hiyo ilianza kama siku nyingine yoyote ya Februari kijijini Tochihara. Hatsue aliamka, akavunja utando wa barafu kwenye ndoo ya jikoni, akapika wali na supu ya figili, akamfunga mwanawe mgongoni, akatoka na sepetu kufungua njia ya mlangoni. Theluji ilikuwa imeyapita madirisha ya chini. Ndani ya nyumba mchana ulikuwa wa kijivu, kama uko ndani ya ganda la yai.

Alikuwa na miaka ishirini na minne. Mumewe, Kohei, alikuwa Tokyo. Wanaume wa Tochihara wakishavuna mpunga hushuka mjini kuchimba mahandaki ya treni, na hurudi theluji ikianza kuyeyuka. Wakwe zake walikwisha kufa. Katika nyumba ile kubwa ya mbao alibaki yeye na Chinatsu, binti yake wa miezi minane, ambaye tangu Mwaka Mpya alikuwa anabanwa na kifua. Daktari wa bondeni alimpa dawa ya maji na onyo moja.

"Asipigwe na baridi, mama. Ikimrudia kifuani safari hii, sina la kukuahidi."

Kwa hiyo jambo kubwa kuliko yote katika maisha ya Hatsue lilikuwa hita, jiko la mafuta ya taa la kupashia chumba joto. Ile ya kwao ilitoboka tangi mwanzoni mwa Januari. Hii aliyokuwa akiitumia sasa ilikuwa ya jirani yake, Bibi Toku. Na Bibi Toku alikuwa amekufa.

Hatsue alimpenda yule bibi. Mwaka alioolewa, akitoka pwani ambako theluji haikai, hakujua hata kushika sepetu. Lakini kila alfajiri alikuta njia imeshafunguliwa, kutoka mlangoni kwake hadi barabarani. Siku moja akaamka mapema, akachungulia. Akamwona kikongwe wa miaka sabini na minne, mgongo umepinda, anasukuma theluji huku anahema.

"Bibi! Unafanya nini?"

Bibi Toku akaona aibu kana kwamba kakamatwa anaiba. "Aa, nilikuwa nampisha paka," akasema.

Hakuwa na paka.

Tangu siku ile, kila saa tisa alasiri, Bibi Toku alikuja kwa Hatsue kunywa chai. Alikaa kwenye mto wa bluu kando ya hita, magoti yakalia tak, tak, naye akayakemea: "Nyamazeni nyie, mnanitia aibu ugenini." Chinatsu alipozaliwa, alimpakata kila alasiri ili mama mtu apate kunyoosha mgongo.

Wiki ya kwanza ya Januari alikutwa kitandani mwake, amelala kwa upole, hajaamka. Binti yake wa pekee, Kimie, alikuja kutoka mjini kuuchoma mwili wake, kama ilivyo desturi yao. Siku ya saba baada ya kifo alikuwa anakimbilia basi, maana alikuwa na kazi kiwandani na theluji ilikuwa inatishia kufunga njia. Akasimama kwa Hatsue akiwa amebeba hita mkono mmoja, dumu jekundu la mafuta ya taa mkono wa pili.

"Chukua, mdogo wangu. Nimesikia yenu imetoboka. Mama angetaka mtoto apate joto."

"Dada Kimie, mapema hivi? Siku arobaini na tisa hazija..."

"Najua, najua. Lakini mtoto atasubiri siku arobaini na tisa?"

Hatsue akapokea kwa mikono miwili, akainama hadi paji la uso likagusa mkeka. Wote wawili walijua wanavunja nini. Wote wawili walimtazama mtoto.

*

Ubaya wa hita ulianza kidogokidogo. Mwanzoni ilikuwa harufu. Kisha moto ukawa wa manjano badala ya bluu, ukaacha masizi kwenye waya. Asubuhi ile ya Februari moshi ulijaa chumba hadi Chinatsu akaanza kukohoa, na Hatsue akampigia simu Mzee Genzo.

Genzo ndiye aliyepeleka mafuta ya taa nyumba hadi nyumba. Gari lake lilikuja likipiga wimbo wa watoto kwenye kipaza sauti, na mwenyewe alitengeneza hita zote za bonde lile. Hatsue alikuwa ameolewa mwaka wa tatu sasa, lakini Genzo bado alimwita bi harusi.

"Bi harusi! Unapika nini humu, viatu?"

"Hita, Mzee Genzo. Inanishinda."

"Haikushindi. Haikujui tu." Akapiga magoti, akachomoa tangi, akamimina mafuta kidogo kwenye kikombe cheupe na kukisogeza mlangoni penye mwanga. Mafuta mazuri ya taa yanafanana na maji. Haya yalikuwa na rangi ya chai nyepesi. Akayanusa, akakunja uso. "Mafuta ya mwaka jana haya. Yamelala dumuni kiangazi kizima, yamechacha. Yanaganda kwenye utambi kama lami. Umeyatoa wapi?"

"Nilipewa. Pamoja na hita."

Genzo akaigeuza hita ubavu. Palikuwa na kovu la kuungua, umbo la kokwa, ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelisugua miaka iliyopita bila kulitoa. Mzaha ukamtoka usoni.

"Hii ni ya dada Toku."

"Dada Kimie alinipa. Siku ya saba."

"Siku ya saba!" Akashusha sauti. "Kimie amekaa mjini hadi amesahau kwao. Na wewe je? Vitu vya marehemu havigawiwi kabla ya siku ya arobaini na tisa, bi harusi. Mifupa yake ingali kwenye mtungi mle ndani kwake, inangoja siku hiyo. Hadi hapo, chake ni chake. Bado anakitumia."

"Najua, mzee wangu. Lakini mtoto."

Genzo akamtazama Chinatsu, aliyekuwa akipumua kwa mluzi mwembamba. Akakuna kichwa. "Haya. Umeshapokea. Tuitengeneze."

Akaitoa hita nje chini ya upenu, bila tangi, akawasha utambi na kuuacha uungue mkavu. Ile lami ikawaka nyekundu, nukta kwa nukta, ikapukutika. Akamwaga mafuta ya zamani, akatia mapya kutoka kwenye gari lake. Moto ukasimama mviringo, wa bluu, umetulia.

"Umeona? Sasa inapumua. Na wewe acha mlango wazi upana wa kiganja, chumba nacho kipumue."

Kabla ya kuondoka, alizibua theluji kwenye bomba la maji ya jikoni. Hakuombwa. Hatsue aliliona hilo baadaye, akalitia moyoni.

Kesho yake, saa tisa alasiri, birika linaimba juu ya hita, Hatsue ameketi anashona, akasikia mlio mdogo.

Kachi.

Moto ukazima. Birika likanyamaza.

Akawasha tena, ikawaka. Siku iliyofuata, saa tisa, kachi. Siku ya tatu vilevile. Na kila ilipozima, ubaridi ulioingia haukuwa ule wa hita kuzima. Ulikuwa wa mlango uliofunguliwa. Akageuka kutazama mlango. Ulikuwa wazi upana wa kiganja, kama alivyouacha.

*

Genzo alirudi siku ya nne. Safari hii hakutania sana.

Akatoa betri mbili, akazilamba kwa ncha ya ulimi. "Hizi ni za kuwashia tu. Haziwezi kuzima." Akajaza bakuli la wali maji, akaliweka juu ya hita. "Theluji ikilemea paa, sakafu zetu huinama, na hita ikikaa upande haitulii." Maji yalikaa sawa kabisa, pande zote. Akapima utambi kwa kidole. Akakagua mafuta kama yana maji. Mwisho akaifungua chini.

"Kidude chenyewe ni hiki." Kilikuwa kigongo kidogo cha chuma kilichoning'inia. "Ardhi ikitetemeka, hiki kinayumba, utambi unashuka wenyewe, moto unakufa. Bila hiki, tetemeko moja kijiji kizima kingeungua." Akaigonga hita kwa goti.

Kachi.

"Mlio ndio huu?"

"Ndio huo huo."

"Basi hita ni nzima, bi harusi. Inazima kwa sababu inagongwa."

"Na nani?"

Genzo alifunga parafujo moja, akafunga ya pili. "Huwa saa ngapi?"

"Saa tisa."

Akatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika nane. Akakusanya vyombo vyake haraka. Parafujo moja ilimdondoka, ikabingirika mkekani hadi kwenye mto wa bluu. Hakuifuata.

Mlangoni akanong'ona, bila kugeuka. "Saa tisa si ndiyo alikuwa anakuja kwako?"

Hatsue alibaki peke yake na mtoto. Angeweza kwenda wapi? Nje theluji ilikuwa inaanguka, na baridi ndicho kitu pekee alichoambiwa akikimbie. Akaketi mgongo ukutani, Chinatsu mapajani. Akatazama.

Hita iliwaka. Birika liliimba. Mshale wa saa ukafika.

Mkeka ulibonyea karibu na mlango. Ukarudi. Ukabonyea tena, hatua moja mbele. Hatua za mtu mdogo, mchovu. Hazikuwa na sauti. Zilikuja hadi kwenye hita, zikazunguka, na hita ikatikisika kama mtu kaigusa kwa bahati mbaya akipita.

Kachi.

Kisha, kwenye mto wa bluu, ambako hapakuwa na mtu:

Tak. Tak.

Mto ukazama katikati.

Hatsue alitaka kupiga kelele. Chinatsu akacheka. Akanyoosha mikono yote miwili mbele, na mikono ile ikabaki hewani, imeshikwa, vidole vidogo vimefumbata kitu. Baridi ilitoka upande ule kama kutoka kisimani.

Dakika zikapita. Mto haukuinuka. Mtoto hakulia. Na katika hofu ile, macho ya Hatsue yakaangukia mkekani, mbele ya mto, mahali ambapo kwa miaka miwili kulikuwa na kikombe. Sasa hapakuwa na kitu.

Akaelewa, na moyo ukamuuma kabla hofu haijaisha. Mgeni alikuwa anakuja kila siku. Kila siku alikuwa anakaa, hasalimiwi, hapewi kitu, kando ya moto wake mwenyewe.

"Karibu, Bibi," akanong'ona. "Nisamehe. Sikukuwekea chai."

Akamimina kwa mikono miwili, akaweka kikombe mbele ya mto, akaiwasha hita tena. Mvuke ulipanda ukapinda, ukaelekea upande mmoja, kama mtu anauvuta kwa pua.

Mto ulipoinuka, Hatsue alikichukua kikombe. Kilikuwa shibiri moja tu kutoka kwenye moto. Juu ya chai palikuwa na barafu.

*

Tangu siku ile hita haikuzima tena. Kila saa tisa Hatsue aliweka chai, na kila siku aliikuta imeganda. Watu huzoea mambo ya ajabu. Alifika mahali akawa anasimulia: barua ya Kohei imekuja, jino la mtoto linachomoza. Hakujibiwa. Mtoto alicheka tu, na jioni nywele zake zilinukia ubani ambao haukuwashwa nyumbani mwao.

Kisha ikaja tufani.

Siku ya kwanza umeme ulikatika. Genzo alipiga simu, sauti yake ikiwa ndani ya upepo.

"Bi harusi! Theluji imeporomoka barabarani, gari halipiti. Una mafuta kiasi gani?"

"Ya leo. Labda na kesho asubuhi."

"Punguza utambi. Mfunike mtoto. Nitakuja hata kwa miguu, umesik..."

Simu ikafa.

Siku ya pili Hatsue alilipindua dumu na kukamua pampu ya mkono hadi ikatoa hewa tupu. Kuni hazikuwapo, meko ya zamani mkwe wake aliyafukia siku walipoletewa umeme. Mlango wa nje haukufunguka, theluji ilikuwa imeuegemea. Kwenye hita mshale wa mafuta ulikuwa umelala kwenye alama nyekundu. Moto ulipungua. Ukawa pete nyembamba, ya bluu iliyofifia. Ukaanza kukatikakatika.

Alimvua Chinatsu, akamweka kifuani mwake, ngozi kwa ngozi, akajifunga nguo zote juu yao. Mtoto alipumua kwa mluzi. Midomo yake ilikuwa inabadilika rangi. Kucha pia.

Saa tisa ilifika. Hatsue alimimina maji ya mwisho yaliyokuwa na uvuguvugu. Mkeka ukabonyea. Magoti yakalia.

"Bibi," akanong'ona, "leo usiigonge. Nakuomba. Mtoto ananifia."

Pete ya moto ikakatika upande mmoja. Ikabaki nusu. Ikabaki ulimi mmoja.

Ndipo akasikia mlio mwingine. Haukuwa kachi.

Pak.

Kama kijiti kikavu kinavunjwa kwa mikono miwili.

Moto ukaruka juu. Haukuwa wa bluu wala wa manjano. Ulikuwa mweupe. Joto likamjia Hatsue usoni, zito, la ajabu. Na kutoka kwenye mto wa bluu ikaja sauti ya kizee, ndogo, imekauka:

"Mtoto amepata joto?"

Akajisukuma nyuma hadi ukutani. Lakini alikuwa mama, na aliulizwa kuhusu mwanawe.

"Bado, Bibi."

Pak.

Moto ukaongezeka. Kulikuwa na harufu sasa, na haikuwa ya mafuta ya taa. Hatsue aliijua. Aliinusa Januari, kwenye kilima nyuma ya hekalu, siku kijiji kizima kilisimama kimya kikitazama bomba la tanuri likitoa moshi.

Mkono wake ukaenda kwenye kifundo cha utambi. Angeweza kukizungusha, moto uzime. Ni robo mzunguko tu.

Chinatsu akakohoa.

Akaurudisha mkono.

"Mtoto amepata joto?"

"Bado kidogo, Bibi."

Pak. Pak.

Hivyo ndivyo ilivyokwenda, alasiri ile na usiku wake na mchana uliofuata. Moto ulipofifia, sauti iliuliza. Kila ilipouliza ilikuwa nyembamba zaidi, kama inatoka mbali zaidi. Midomo ya mtoto ilirudi kuwa myekundu. Mluzi ulipungua. Jasho dogo lilimtoka puani. Na Hatsue, aliyeona yote hayo kwa macho yake, aliogopa moto usije ukafa akilala. Akasema bado. Akasema bado tena.

Mwisho moto ulififia, na hakuna aliyeuliza.

Akautazama mto wa bluu. Ulikuwa umejaa, mviringo, kama haujawahi kukaliwa.

*

Asubuhi jua lilitoka. Genzo alifika akiwa amevaa viatu vya majani vya kutembelea theluji, dumu limefungwa mgongoni, ndevu zimeganda. Alikuwa amejaribu mara mbili akarudishwa na upepo. Alichimba hadi mlangoni, akaingia, akasimama. Chumba kilikuwa na joto. Chinatsu alikuwa anatambaa.

"Ulipata wapi mafuta?"

Genzo akachomoa tangi, akaligeuza. Halikutoa hata tone. Akaingiza kidole, akakitoa na vumbi. Akainua silinda ya waya juu ya utambi. Chini yake palikuwa pamejaa majivu meupe, laini, mengi.

"Mafuta ya taa hayaachi majivu," akasema taratibu.

Akamtazama Hatsue, akamtazama mtoto. Akairudisha silinda mahali pake kwa upole mkubwa, akaweka viganja vyake pamoja, akainamisha kichwa mbele ya hita.

Siku ya arobaini na tisa Kimie alirudi. Walichimba theluji hadi kwenye mlango wa Bibi Toku, ambao ulikuwa haujafunguliwa tangu kabla ya tufani. Hapakuwa na alama ya mguu popote. Kimie akapiga magoti mbele ya picha ya mama yake, akauinua ule mtungi mweupe uliofunikwa kitambaa. Akautikisa kidogo. Uso ukambadilika.

"Mzee Genzo. Mbona mwepesi?"

"Fungua."

Januari, baada ya tanuri, waliokota mifupa ile wenyewe kwa vijiti, mmoja baada ya mwingine, kuanzia miguuni kwenda kichwani, mpaka mtungi ukajaa na Genzo akalazimika kuibana ili kifuniko kikae. Sasa ndani mlikuwa na kifupa kimoja cha koo, kile kinachowekwa mwisho. Kilikuwa chini kabisa, peke yake.

"Nani kaingia humu?" Kimie alinong'ona. "Nani kamchukua mama yangu?"

Hatsue alikuwa mlangoni, mtoto mgongoni, bakuli limefungwa kitambaa mikononi. Akatembea kwa magoti hadi mbele ya Kimie, akaliweka bakuli mkekani, akainama asiinuke.

"Mimi, dada. Mafuta yaliisha. Akawa ananiuliza kama mtoto amepata joto. Nikamwambia bado." Machozi yalimdondoka mkekani. "Kuna wakati alikuwa ameshapata, dada. Niliona ameshapata. Nikasema bado."

Kimie alilifungua bakuli, akayatazama majivu. Maji ya theluji yalidondoka kutoka upenuni. Mgongoni kwa Hatsue, Chinatsu alinyoosha kidole kuelekea picha ya Bibi Toku, akacheka.

"Ndivyo alivyokuwa," Kimie alisema hatimaye. Sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka tu. "Nikiwa mdogo nikimwambia sijashiba, alinipa bakuli lake. Nikimwambia bado, alikwenda kukwangua sufuria. Sikuwahi kumuuliza yeye amekula nini." Akashika bega la Hatsue. "Inuka. Mtoto atapata baridi."

Wakayamimina majivu mtungini kwa mikono yao wote watatu. Mtawa wa hekalu akasoma sala. Theluji ilipopungua, wakamzika.

Hita hakuna aliyeitaka. Genzo alitoa utambi, akatoa tangi, akatoa betri zote mbili, akaifunga kwa gunia na kuiweka kwenye banda nyuma ya nyumba ya Hatsue, nyuma ya mapipa ya achari. Chinatsu leo anakwenda shule, ana mashavu mekundu, hajaugua kifua tena.

Lakini kila majira ya baridi, wanaume wa Tochihara waliobaki wanapopanda mapaa kusukuma theluji kabla haijavunja nyumba, banda lile wanaliruka. Hawasemi kwa nini, wala hawaulizi. Kote kumefunikwa kimo cha mtu, na paa lile la bati ni jeusi, limelowa, linatoa mvuke mwembamba. Theluji haijawahi kutua pale hata chembe moja.

Alasiri, Hatsue hutoka kwa mlango wa nyuma, husimama mbele ya banda huku theluji ikimwangukia nywele.

"Basi, Bibi," huita kwa sauti ya chini. "Mtoto amepata joto. Amepata joto siku nyingi. Basi."

Kisha husikiliza.

Ndani ya banda, nyuma ya mapipa, kitu kinavunjika. Pak.